Kibera Ilivyojiandikia Habari Zake

Kabla Kibera haijawa na jukwaa lake la habari kwenye intaneti, ilikuwa na redio. Pamoja FM ilianza kurusha matangazo mwaka 2007, kwa mtambo mdogo ambao mawimbi yake hayakwenda mbali na mtaa. Ufupi huo wa mawimbi ndio ulioipa uzito wake. Mtangazaji akitaja Makina au Laini Saba, hakuwa na haja ya kueleza ziko wapi, kwa sababu aliyekuwa akimsikiliza alikuwa ameketi huko huko. Palikuwa pia na gazeti la mtaa, Kibera Journal, lililotolewa na KCODA, shirika lililoundwa na wakazi wenyewe. Magazeti makubwa ya Nairobi yalifika Kibera kila asubuhi, lakini Kibera haikuingia kwa urahisi katika magazeti hayo. Iliingia pakizuka moto, pakizuka ghasia, au mgeni mashuhuri kutoka ng'ambo alipokuja kupigwa picha.

Historia ninayoisimulia hapa ni ya jinsi wakazi wa mtaa huo walivyoanza kuandika na kupanga habari zao wenyewe mtandaoni, kuanzia mwaka 2009. Inastahili kusimuliwa polepole, kwa sababu mara nyingi husimuliwa kwa haraka kama hadithi ya teknolojia. Teknolojia ilikuwepo, na bila yake mengi yasingewezekana. Lakini mambo yaliyoamua kama kazi itadumu au itakufa yalikuwa ya kale kuliko kompyuta: nani anaaminika, nani analipwa, na nani akipewa habari ataitendea kazi.

Siku za giza

Tuanzie Desemba 2007. Wakenya walipiga kura tarehe 27, na jioni ya tarehe 30 Mwai Kibaki akatangazwa mshindi na kuapishwa saa hiyo hiyo, huku upande wa Raila Odinga ukisema kura zimeibwa. Siku hiyo hiyo serikali ikapiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Odinga alikuwa mbunge wa Lang'ata, na wakati huo Kibera ilikuwa ndani ya jimbo hilo. Mtaa ukawaka. Nyumba na vibanda viliteketezwa, majirani wakakimbiana kwa sababu ya makabila yao, na vijana waling'oa mataruma na vyuma vya reli ya kwenda Uganda inayopita katikati ya Kibera. Nchi nzima, kwa hesabu ya tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki, watu 1,133 walipoteza maisha.

Katika wiki hizo, mtu aliyejifungia chumbani katika kijiji cha Gatwekera, Kibera, hakuhitaji sana uchambuzi wa siasa. Alihitaji kujua njia ipi inapitika, duka lipi limefunguliwa, maji yanapatikana wapi, na kama ndugu yake aliye ng'ambo ya reli yuko salama. Pamoja FM iliendelea kurusha matangazo na kuwasihi watu watulie. Ila neno la redioni hupita likishasemwa. Aliyelikosa amelikosa, na baada ya mwezi mmoja hakuna pa kulitafuta.

Tarehe 3 Januari 2008, mwanasheria Mkenya Ory Okolloh aliandika mtandaoni akiuliza kama wako mafundi wanaoweza kutengeneza ramani ya kuonyesha matukio ya vurugu yalikotokea, ili yasije yakakanwa baadaye. Erik Hersman, Juliana Rotich na David Kobia walikuwa miongoni mwa walioitikia. Kwa muda wa siku chache tu, programu waliyoipa jina Ushahidi ilikuwa inafanya kazi. Mtu aliandika alichokiona, kwa intaneti au kwa ujumbe mfupi wa simu; kikachujwa, kisha kikawekwa kama alama juu ya ramani ya Kenya. Programu hiyo ikaja kutumika katika nchi nyingi, ikiwemo Haiti baada ya tetemeko la ardhi la mwaka 2010.

Lakini alama juu ya ramani huhitaji ramani. Kwa mji kama Eldoret au Kisumu, mtu aliweza kutaja barabara. Kwa Kibera, angetaja nini?

Mtaa ambao haukuchorwa

Kibera iko kilomita zipatazo 5 kusini-magharibi mwa katikati ya Nairobi, kwenye mteremko unaoshuka hadi Bwawa la Nairobi. Eneo lake ni kilomita za mraba 2.5 hivi. Wakazi wake wa kwanza wa kudumu chini ya utawala wa Waingereza walikuwa Wanubi, wanajeshi wenye asili ya Sudan waliokuwa katika jeshi la King's African Rifles, walioanza kuwekwa hapo kuanzia mwaka 1904. Mwaka 1918 ardhi hiyo, ekari 4,197, ilitangazwa rasmi kuwa hifadhi ya kijeshi. Wanubi walipewa ruhusa ya kukaa, hawakupewa hati. Ilipofika uhuru, ardhi ilihesabiwa kuwa ya serikali, na waliokuwa juu yake wakahesabiwa kuwa wakazi wa muda, hata kama babu zao walizaliwa hapo. Wafanyakazi wa viwandani na wa majumbani waliomiminika Nairobi walipanga vyumba huko kwa sababu kodi yake waliimudu na waliweza kwenda kazini kwa miguu.

Hali hiyo ya muda ndiyo inayoeleza ukimya wa ramani. Mpimaji hutumwa kupima kiwanja chenye mwenyewe, na mhandisi huchora barabara aliyoijenga. Kibera haikuwa na viwanja vilivyosajiliwa, na njia zake zilitengenezwa na nyayo za watu. Basi katika ramani rasmi, na hata katika ramani za intaneti zilizokuwa zimeanza kutumiwa na kila mtu, eneo hilo lilionekana tupu au lilipakwa rangi ya msitu. Mitaa ya jirani ya Woodley na Lang'ata ilikuwa na majina ya barabara na namba za nyumba. Hapo katikati palikuwa na pengo.

Kukosekana kwa ramani kuliambatana na kukosekana kwa hesabu. Kwa miaka mingi ilisemwa kwamba Kibera ina watu 700,000, au 1,000,000, na kwamba ndiyo mtaa wa mabanda mkubwa kuliko yote Afrika. Mtafiti kutoka Italia, Stefano Marras, aliyehesabu kijiji cha Kianda akishirikiana na vijana wa huko, alipata wakazi takriban 15,000, na kutokana na hesabu hiyo akakadiria kwamba Kibera nzima haizidi watu 270,000. Sensa ya Agosti 2009, ambayo matokeo yake yalitolewa mwaka uliofuata, ilitaja watu 170,070. Tofauti kati ya laki moja na sabini elfu na milioni moja si ndogo. Ni tofauti ya idadi ya vyoo, madawati na dozi za chanjo. Mtaa uliotembelewa na watafiti na wafadhili kuliko mwingine wowote nchini ulikuwa haujulikani una watu wangapi.

Hata hivyo, elimu ya mahali haikukosekana. Wakazi waligawanya mtaa wao katika vijiji, na kila kijiji kilikuwa na mipaka iliyojulikana na wazee wake: Kianda, Soweto, Gatwekera, Kisumu Ndogo, Lindi, Laini Saba, Silanga, Makina, Mashimoni, Kambi Muru na vinginevyo. Mtu alielekezwa kwa kanisa, kwa msikiti, kwa mashine ya kusaga, kwa kivuko cha reli. Mkunga alijua nyumba zote zenye wajawazito. Mchuuzi wa maji alijua mabomba yote na siku yanapokauka. Elimu hiyo ilikaa vichwani mwa watu, imegawanyika, na haikuweza kuwekwa mezani mbele ya mkuu wa idara fulani.

Vijana 13

Mwishoni mwa mwaka 2009 walifika Kibera Wamarekani wawili, Erica Hagen na Mikel Maron. Hagen alikuwa mtu wa habari na maendeleo. Maron alikuwa miongoni mwa watu waliofanya kazi kwa miaka kadhaa katika OpenStreetMap, ramani ya dunia iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004 na Steve Coast, ambayo mtu yeyote anaruhusiwa kuichora, kuirekebisha na kuitumia bila malipo. Wazo la mradi wao, Map Kibera, lilieleweka kwa urahisi: ikiwa Kibera haijachorwa, wachoraji wawe ni wakazi. Fedha za awali zilitoka kwa shirika la JumpStart International. Mashirika yaliyokuwa tayari mtaani, yakiwemo KCODA na Carolina for Kibera, yalisaidia kuwapata vijana wa kufunzwa. Walikuwa 13, kutoka vijiji mbalimbali vya Kibera, na wengi wao hawakuwa na mazoea ya kompyuta.

Kazi yenyewe ilihitaji miguu zaidi ya kitu kingine. Kijana alishika kifaa cha GPS, chenye ukubwa wa kutosha kiganja, ambacho hupokea mawimbi ya setilaiti na kurekodi mahali kilipo kila baada ya sekunde chache. Alipotembea kwenye kichochoro, kifaa kiliacha mfululizo wa nukta. Alipofika penye bomba, aliweka alama na kuandika daftarini: bomba, la kulipia. Jioni, nukta hizo ziliingizwa kwenye kompyuta, zikaunganishwa kuwa mistari, na kila alama ikapewa maelezo yake: choo, zahanati, duka la dawa, shule, kanisa, msikiti, kinyozi, mahali penye taa ya usiku, mahali pasipo na taa. Kwa muda wa wiki tatu hivi ramani ya kwanza ya Kibera iliyochorwa na wakazi wake ilikuwa imeingia katika OpenStreetMap, na yeyote mwenye intaneti aliweza kuiona.

Wapimaji hao hawakupokewa kila mahali kwa furaha. Mtu anayeishi juu ya ardhi isiyo na hati ana kila sababu ya kumwogopa anayepima. Mwezi Septemba mwaka huo huo, serikali ilikuwa imeanza kuwahamisha wakazi wa kwanza, takriban 1,200, kutoka Soweto Mashariki kwenda katika maghorofa ya Lang'ata chini ya mpango wa kuboresha makazi. Wapo walioiona ni neema, na wapo walioiona ni mwanzo wa kufukuzwa. Katika hali hiyo, kijana mwenye kifaa mkononi alipaswa kueleza mara nyingi kwamba hakutumwa na serikali wala na mwenye ardhi, na kwamba matokeo ya kazi yake yatakuwa wazi kwa wote. Kujulikana kwake kijijini ndiko kulikomfungulia milango. Mgeni angeulizwa barua, lakini huyu aliulizwa habari za mama yake.

Voice of Kibera

Ramani ikawa msingi, na juu yake ndipo likajengwa jukwaa la habari. Mapema mwaka 2010 lilizinduliwa kwa jina la Voice of Kibera. Lilitumia ile ile programu ya Ushahidi iliyozaliwa wakati wa vurugu, sasa ikiwa imepewa kazi ya amani: kukusanya habari za kila siku za mtaa mmoja na kuzipanga kwa mahali na kwa mada. Mwenye simu ya kawaida aliweza kutuma ujumbe kwa namba 3002, ukianza na neno Kibera, akaeleza kilichotokea na wapi. Kundi la wahariri, wakazi wenyewe, walisoma kila ujumbe, wakauthibitisha kadiri walivyoweza, wakaupa mahali kwenye ramani. Habari za Pamoja FM na za Kibera Journal ziliwekwa humo pia, ili mtu apate sehemu moja penye yote: usalama, afya, elimu, maji, michezo, mikutano.

Mwaka huo huo kikaanzishwa kitengo cha video, Kibera News Network. Vijana walipewa kamera ndogo za mkononi, wakafundishwa kupiga picha, kuhoji na kuhariri, na filamu zao fupi zikawekwa YouTube. Joshua Ogure ni mmoja wa waliokulia katika kazi hiyo, na baadaye akawa miongoni mwa waratibu wa Map Kibera. Tofauti yao na wapiga picha waliokuja kutoka mjini ilikuwa katika muda. Moto ukizuka Lindi usiku, mwandishi wa televisheni angefika asubuhi kukuta majivu, na gari la zimamoto lingekwama kwenye vichochoro visivyopitika. Mwandishi wa mtaani alikuwepo wakati watu wanavunja mabati ili moto usiruke nyumba ya pili, na wiki iliyofuata bado alikuwepo, akiuliza walioungua wamelala wapi. Siku zisizo na moto wala ghasia alirekodi mafundi, wasanii, mashindano ya mpira, na ukarabati wa njia. Kwa mara ya kwanza, mtu wa nje aliweza kuiona Kibera katika siku ya kawaida.

Mtihani wa kwanza mkubwa ulikuwa kura ya maoni ya katiba mpya, tarehe 4 Agosti 2010. Miaka miwili na nusu tu ilikuwa imepita tangu damu kumwagika, na wengi waliiogopa siku hiyo. Vijana wa Voice of Kibera waliofunzwa waligawanyika vijijini na vituoni, wakatuma taarifa za hali ilivyo: foleni, ucheleweshaji, utulivu. Kura ikapita kwa amani. Faida ya taarifa zile ilikuwa kwamba utulivu wenyewe uliandikwa. Uvumi huishi mahali ambapo hakuna anayeweza kusema kwa uhakika kwamba kijiji cha pili kimetulia, na siku hiyo walikuwepo watu wa kusema hivyo na ramani ya kuonyesha.

Ugumu wa baada ya uzinduzi

Siku ya uzinduzi huwa na wageni wengi. Miezi inayofuata ndiyo hupima kazi, na Kibera ilipimwa vilivyo.

Jambo la kwanza lilikuwa malipo. Vijana wa mwanzo walijitolea, wakipewa posho ndogo. Lakini kujitolea ni jambo gumu kwa mtu anayelipa kodi ya chumba kwa kibarua cha kutwa. Siku aliyoitumia kuhariri habari ni siku ambayo hakwenda kutafuta riziki, na Kibera ilikuwa imezoea mashirika yanayokuja na fedha za wafadhili, kisha hesabu zake zisionekane. Mvutano kuhusu nani anapata nini na kwa nini haukuwa ushahidi wa uchoyo. Ulikuwa swali la haki: ikiwa kazi hii ina thamani, mbona mfanyaji wake ndiye pekee asiyelipwa? Baadhi yao waliondoka. Waliobaki walijiunga katika Map Kibera Trust, shirika lao lililosajiliwa, ambalo liliwahi kuongozwa na Kepha Ngito, na wakaanza kujifunza kuandika maombi ya fedha na kuuza ujuzi wao wa ramani na video.

Jambo la pili lilikuwa kwamba ujumbe kutoka kwa watu wa kawaida haukuja kwa wingi uliotarajiwa. Habari nyingi ziliandikwa na kikundi chenyewe. Sababu zinaeleweka ukizitazama kutoka upande wa mtumaji. Kutuma ujumbe ni gharama. Kutaja mahali penye wizi ni hatari, kwa sababu mwizi ni jirani. Na zaidi ya yote, mtu aliyetuma habari kwamba bomba limepasuka alitaka bomba litengenezwe. Akiona habari yake imewekwa kwenye ramani nzuri na maji yanaendelea kumwagika, hatatuma tena. Jukwaa la habari za mtaa linatoa ahadi hata kama halikuitamka, kwamba ukisema utasikilizwa. Kuitimiza kunahitaji mtu upande wa pili: chifu, kampuni ya maji, mganga wa zahanati, mbunge.

Jambo la tatu lilikuwa kwamba wakazi wengi hawakuwa na kompyuta, na simu za intaneti zilikuwa bado ghali. Ramani yao ilikuwa inaonekana vizuri zaidi Washington kuliko Gatwekera. Jibu lililopatikana linafaa kukumbukwa na kila anayejenga chombo cha aina hii. Kwa msaada wa UNICEF, mwaka 2010 vijana walirudi mitaani kukusanya taarifa za kina kwa mada nne: afya, usalama, elimu, na maji na vyoo. Kisha ramani hizo zikachapishwa kwenye karatasi kubwa na kupelekwa kwenye mikutano ya wakazi. Watu walizizunguka, wakachora juu yake kwa kalamu, wakasahihisha. Akina mama walionyesha sehemu ambazo msichana hapaswi kupita jioni, na wengine wakataja zahanati iliyofungwa ambayo bado ilikuwa kwenye ramani. Habari ilirudi kwa wenyewe, ikarekebishwa, ndipo ikaingizwa tena kwenye kompyuta. Mzunguko huo, kutoka mtaani kwenda mtandaoni na kurudi mtaani, ndio ulioigeuza ramani kuwa mali ya mtaa.

Ujuzi huo ukaanza kusafiri. Kutoka Kibera ulikwenda Mathare na Mukuru, hapo hapo Nairobi. Mwaka 2011 ulivuka mpaka hadi Tandale, Dar es Salaam, ambako wakazi walichora mtaa wao wakiwa pamoja na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ardhi, Maron na Hagen wakiwa miongoni mwa wakufunzi. Kazi ya Tandale ilikuwa mojawapo ya mbegu za Ramani Huria, mradi ulioanza mwaka 2015 na kuchora kata nyingi za Dar es Salaam zinazokumbwa na mafuriko.

Shule zilizokuwepo bila kuhesabiwa

Kama kuna sehemu moja inayoonyesha jukwaa hili lilikuwa na faida gani, ni elimu. Tarehe 8 Julai 2011, Rais Kibaki alizindua tovuti ya takwimu huria za serikali, hatua iliyosifiwa sana barani. Takwimu za shule zilikuwa miongoni mwa zilizowekwa. Aliyetafuta Kibera katika orodha hiyo alipata shule chache kuliko zilizokuwepo, kwa sababu sehemu kubwa ya watoto wa mtaa husoma katika shule zilizoanzishwa na wakazi, makanisa na mashirika, zinazoitwa shule zisizo rasmi. Nyingi hazikusajiliwa na Wizara ya Elimu, kwani usajili ulidai ukubwa wa kiwanja na hati ambazo hakuna mtu Kibera angeweza kuzipata.

Vijana wa Map Kibera wakazipitia moja baada ya nyingine, na kazi hiyo ikazaa Open Schools Kenya. Walipata zaidi ya shule 300. Kwa kila moja waliandika idadi ya wanafunzi na walimu, karo, vyoo, kama kuna chakula cha mchana, na picha ya jengo. Mzazi aliyehamia Silanga aliweza kulinganisha shule za karibu. Mwalimu mkuu aliweza kumwonyesha mfadhili au afisa wa elimu kwamba shule yake ipo. Wakati huo huo siasa za mtaa zilikuwa zimebadilika. Kibera, kwa jina la Kibra, ilikuwa jimbo lake lenyewe tangu uchaguzi wa 2013, na mbunge wake wa kwanza, Ken Okoth, aliyefariki Julai 2019, alikuwa ameifanya elimu kuwa ajenda yake kuu chini ya kauli mbiu ya Elimisha Kibra. Hapo ndipo upande wa pili wa mazungumzo ulipopatikana. Habari zilizokusanywa na vijana zilikutana na ofisi zilizozihitaji.

Tafakari maana ya jambo hilo kwa mtoto. Shule isiyo kwenye orodha haihesabiwi panapogawanywa vitabu, wala afisa wa afya hajui aende wapi kutoa dawa za minyoo. Kuiandika shule hakuijengi, lakini bila kuandikwa haina hata pa kuanzia madai yake.

Barabara ya 2018

Tarehe 23 Julai 2018, matingatinga yaliingia Kibera kusafisha njia ya barabara inayounganisha Barabara ya Ngong na Lang'ata. Watu wapatao 30,000 walipoteza makazi yao kwa siku chache, na shule kadhaa zilibomolewa pamoja na nyumba. Barabara ilihitajika, msongamano wa Nairobi unamuumiza kila mtu. Lakini namna ilivyofanywa iliwaumiza wasio na hati peke yao.

Kwa tukio kama hilo thamani ya miaka ile ya kutembea na vifaa vya GPS inaonekana wazi. OpenStreetMap hutunza historia ya kila badiliko. Kilichochorwa mwaka 2009 na kurekebishwa mwaka 2015 hakifutiki kwa sababu mwaka 2018 kimevunjwa. Tarehe zake zinabaki, na yeyote anaweza kuona palikuwa na nini. Kabla ya hapo, mtaa ulipobomolewa ulitoweka mara mbili, ardhini na katika kumbukumbu za serikali, kwa kuwa huko haukuwahi kuandikwa. Sasa hakuna anayeweza kusema kwamba palikuwa msitu.

Mwaka mmoja kabla ya ubomoaji huo, mnamo Juni 2017, Rais Uhuru Kenyatta alikuwa amewakabidhi Wanubi hati ya ekari 288, miaka zaidi ya mia moja tangu babu zao kuletwa hapo. Ni sehemu ndogo ya zile 4,197. Matukio haya mawili yakiwekwa pamoja yanaeleza kwa nini watu wa Kibera wanaichukulia karatasi, ramani na kumbukumbu kwa uzito mkubwa. Kwao, kuandikwa ni suala la kubaki.

Somo kwa mitaa mingine

Leo simu zenye intaneti zimeenea, na kila mtaa wa Afrika Mashariki una makundi ya WhatsApp yanayobeba habari kwa kasi ambayo vijana wa 2010 wasingeiota. Mtu anaweza kudhani kwamba kazi ya majukwaa kama Voice of Kibera imekwisha. Mimi naona kinyume chake. Kundi la WhatsApp hubeba habari lakini halihariri. Halithibitishi. Ujumbe wa juzi hufunikwa na wa leo, na uvumi husafiri sambamba na ukweli bila alama ya kuutofautisha. Kinachokosekana humo ni kile hasa walichokijenga wale vijana: wahariri wanaojulikana kijijini, mahali palipotajwa kwa usahihi, na kumbukumbu inayoweza kutolewa mbele ya mwenye mamlaka mwaka mzima baadaye.

Mashirika na halmashauri zinazotaka kuanzisha majukwaa ya mitaa huanza kwa kuuliza programu ipi itumike. Kibera inatufundisha kuanza na maswali matatu mengine. Nani mtaani atasoma na kuthibitisha kila habari, na mshahara wake utatoka wapi baada ya mfadhili kuondoka? Habari itarudi vipi kwa mkazi asiye na kompyuta? Na ofisi ipi imekubali, kwa jina na kwa maandishi, kuzipokea taarifa na kuzijibu? Mradi usio na majibu hayo utazinduliwa vizuri na kufa polepole. Walio na majibu hayo watachukua miaka, kama Kibera ilivyochukua, na watakuwa na ugomvi wao na wanaoondoka wao. Lakini mtoto atakayeandikishwa katika shule inayojulikana, na familia itakayoweza kuthibitisha kwamba iliishi hapa, ni malipo ya kutosha kwa miaka hiyo.